Sindano ya Kukausha Mate

Tangu kulipopambazuka Bujiku hakukaa mahali pamoja. Alikaa kitandani, akainuka. Akaenda barazani, akashika nguzo, akatazama njia ya stesheni ya treni, akarudi. Akalala chali. Akainuka tena. Wenzake wodini walimvumilia mwanzo, baadaye wakamchoka, na aliyemwambia ni mzee Stanslaus, mwenye kidonda cha mguu, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na chake.

"Wewe bwana, kaa chini. Unatutia kizunguzungu. Kama shida yako ni kutembea, rudi Geita kwa miguu."

"Nikikaa nawaza, mzee."

"Na ukitembea?"

"Nawaza vilevile. Lakini najiona kama nina kazi."

Wazo lenyewe lilikuwa moja. Siku hiyo angepasuliwa ngiri, na kisu hakikumtisha. Mtu aliyeshinda miaka machimboni panapopasuliwa miamba haogopi chuma. Alichoogopa ni kutapika.

Mwaka uliotangulia, mwenzake mmoja wa shimoni, Mabula, alipasuliwa ngiri ya namna hiyo hiyo, mahali pengine, na mganga mwingine. Kupasuliwa kulikwenda vizuri. Kilichomharibu ni etha, ile dawa ya usingizi wanayokuvutisha puani. Alipoamka alianza kutapika, akatapika mchana, akatapika usiku, akafika mahali hana tena cha kutapika lakini tumbo bado linajikaza kama nguo inayokamuliwa. Kila lilipojikaza, nyuzi zilivutika. Mwisho zikaachia. Ngiri ikatoka kubwa kuliko ile ya kwanza, na kidonda kikaoza juu yake. Sasa Mabula anakaa pembeni mwa njia pale Kalangalala, anasokota kamba, na watu waliokuwa wakiogopa ngumi zake wanairuka miguu yake wakipita.

Bujiku alikuwa mvuta kamba. Mawe yenye dhahabu yalijazwa kwenye ndoo chini ya shimo, naye na mwenzake waliyavuta juu kwa mikono. Hakuna kazi nyingine aliyoijua vizuri kama hiyo. Ngiri ilimtokea kwenye kinena taratibu, miaka mingi, naye akawa anairudisha ndani kwa kiganja kama mtu anayesukuma kuku bandani. Mpaka siku moja kuku akakataa kuingia. Bujiku akajikunja chini pembeni ya shimo, akapiga kelele. Bahati yake lori la mgodi lilikuwa linakwenda stesheni ya Shinyanga kuchukua mashine, wakamtupa juu yake, na ile njia yenye mashimo aliisikia yote tumboni.

Daktari, Mzungu mrefu asiye na maneno mengi, alimwinua miguu juu, akambonyeza mpaka kitu kikarudi. Halafu akamwambia kwa Kiswahili chake cha kijeshi, "Leo imerudi. Nyingine hairudi. Utumbo ikinasa inaoza, wewe unakufa. Kesho nakata."

Sasa kesho ilikuwa imefika.

Dresa wa wodi, msaidizi wa daktari, aliitwa Akida. Alikuwa mtu wa mjini, mkazi wa Ngokolo; mama yake Mnyamwezi, baba yake alikuja na misafara kutoka pwani akanogewa. Alikuwa na sauti kubwa, hata siri aliisema kwa sauti ya mnada. Bujiku alimvizia akipita na beseni.

"Dresa. Mimi nitatapika kama Mabula?"

"Mabula ndiye nani?"

Bujiku akamweleza. Akida akaweka beseni chini.

"Huyo alichomwa sindano kabla ya etha?"

"Sindano gani?"

"Unaona! Sisi hapa kabla hatujamlaza mtu tunamchoma haiosini. Ni dawa ya kutuliza. Inakausha mate, inaliambia tumbo litulie, unaingia kwenye etha kama mtoto aliyeshiba maziwa ya mama yake. Ukiamka ukasikia kichefuchefu kinapanda, tunakuchoma tena. Sikudanganyi, wapo wanaotapika hata hivyo. Lakini wengi wanaepuka."

"Wengi. Si wote."

"Wote anawajua Mungu. Mimi ni dresa." Akamsogelea. "Sasa nisikilize, Msukuma wewe. Sindano haishindi chakula. Ukiingia mle na kitu tumboni, hata tukichomwa sote, wewe na mimi na Bwana Daktari, kitatoka tu. Na kitatoka umelala, kitaingia kwenye njia ya pumzi. Utakufa maji na ziwa liko mbali. Najua ninyi na kula. Usile. Usinywe. Uji, maji, togwa, hapana. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Nisile, nisinywe."

"Naam. Na hiyo ngiri yako uache kuitembeza."

Bujiku akakaa. Akida alipogeuka tu, akainuka.

*

Mkewe, Mageni, alikuwa kwao upande wa Mhunze wakati wa balaa hilo, na habari zilimkuta huko. Alifika hospitalini jua likiwa limeanza kuchoma. Bujiku alimwona kutoka barazani, akafurahi. Kisha akaona kuwa nyuma ya Mageni, hatua chache, kuna mtu mwingine aliyejifunika kaniki, amebeba kibuyu. Akarudi ndani haraka kama mwizi. Alikuwa mama mkwe.

Kwao Bujiku mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaacha njia. Hamli pamoja, hamkai kivuli kimoja, jina lake hulitaji na lako halitaji. Mambo ya chini ya mkanda ndiyo kabisa. Hata kuyawaza akiwa karibu ni aibu. Kwa hiyo Mageni alipopata habari kuwa mumewe kanaswa na ngiri ya kinena, angemwambiaje mama yake? Alimwambia tumbo linamsumbua.

Basi yule mama akafanya kile ambacho mtu hufanya mkwe wake akiumwa tumbo. Alichukua maziwa ya mgando, yale mazuri ya kutunzwa, akayabeba mwenyewe njia nzima. Hakumpa binti yake abebe hata kidogo.

Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, mgongo akiupa ukuta, macho akiyapeleka kwenye miti. Mageni akaingia na kibuyu.

"Mwangaluka, mayu," Bujiku alisalimu huku anatazama sakafu.

"Mwangaluka," mama mkwe aliijibu ile miti. Halafu akasema na binti yake, ingawa kati yake na Bujiku palikuwa na ukuta tu. "Mwambie mwenzako haya ni ya yule ng'ombe mwekundu. Yatamtuliza tumbo. Nitangoja kibuyu changu."

Bujiku akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye.

"Nimekatazwa," alinong'ona.

"Na nani?"

"Dresa. Nisiweke kitu tumboni. Napasuliwa sasa hivi."

"Amekukataza ugali."

"Vyote."

"Maziwa nayo ni chakula? Mtoto wa jana anakunywa maziwa. Kunywa, mama anasikiliza."

"Mwambie nimekatazwa."

"Halafu akiniuliza unapasuliwa nini? Nimtajie?" Mageni akasogeza kibuyu. "Wewe ndiye mwenye mdomo mpana. Mwambie mwenyewe."

Bujiku alikipokea kibuyu, akawa anakigeuza mikononi. Kukirudisha kikiwa kimejaa ni sawa na kusema, chukua maziwa yako na binti yako mwondoke wote. Kumwaga hakukuwezekana, maziwa hayamwagwi chini, ng'ombe anakauka chuchu, na hata kama hakauki hakuna mtu mwenye akili anayetaka kujaribu. Alimtafuta mzee Stanslaus ampe anywe yeye. Kitanda kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa chumba cha pili anaoshwa kidonda, anasikika anavyomtukana anayemwosha.

"Fundo moja," Bujiku alijiambia. "Nilowanishe midomo, nimwachie Mageni lililobaki."

Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu jana. Fundo la kwanza lilipita zito, baridi, chachu kama inavyotakiwa, na mwili wote ukalipokea. La pili hakuliamua yeye. Baada ya hapo hakuwa anahesabu. Alipokiondoa kibuyu mdomoni kilikuwa chepesi, na masharubu yake meupe.

"Umemaliza?" Mageni alishangaa.

Nje ya dirisha ile sauti ikashukuru, "Wabeja," imeridhika kabisa.

Akida aliingia na sindano yake hata Bujiku hajamaliza kujifuta.

"Umekula?"

"Hapana."

"Umekunywa?"

Kivuli cha mama mkwe kilikuwa palepale dirishani. Bujiku alikitazama.

"Hapana," alisema.

"Safi. Leta mkono."

*

Sindano ilifanya kama ilivyosifiwa. Kwanza mdomo ulikauka. Mate yalikwenda yalikokwenda, ulimi ukabaki mle ndani kama kipande cha ngozi kilichoanikwa. Halafu kope zikawa nzito. Mtu mwingine angelala. Bujiku alijiona kama amefungwa kamba huku moyo unakimbia. Akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia, akakaa, akalala ubavu, akasikia maziwa yanahama kwenda upande ule. Akageuka. Yakahama naye.

Ile dawa inatuliza tumbo tupu, aliwaza. Langu limejaa.

Alifikiri kumwita Akida. Lakini Akida na sauti yake! Angesema "maziwa" mpaka stesheni wangesikia. Mama mkwe angejua kuwa yeye ndiye aliyemharibia mkwe wake, na akitaka kujua kumharibia nini, atatajiwa. Basi anyamaze. Labda Mageni anasema kweli, labda maziwa si kitu. Labda sindano ni kali kuliko Akida anavyodhani. Akamwona Mabula na kamba zake. Akageuka tena.

"Dresa," aliita, na sauti haikutoka. Mdomo ulikuwa mkavu mno.

Wakaja na machela. Akapita chini ya dari, chini ya jua, chini ya dari nyingine. Chumba kilikuwa na harufu tamu, kali, ya kichwa kuuma. Bwana Daktari alisimama anasugua mikono kwenye beseni, mgongo kwa mlango. Akida alishika kitu cha waya kilichofunikwa kitambaa, na chupa.

"Vuta pumzi, Bujiku. Taratibu. Utasikia kama unazama, usishtuke."

Ile harufu ikashuka usoni. Kusikia neno kuzama, Bujiku akainua mkono, akakipiga kile kitambaa kikaruka mpaka ukutani.

"Mshike!" Daktari alisema.

"Maziwa," Bujiku alisema. Ulimi uligandamana na meno, akaubandua. "Dresa. Nina maziwa tumboni."

Akida aliinama. "Nini?"

"Nimekunywa maziwa. Nilikudanganya."

"Lini?"

"Leo. Kabla ya sindano."

"Kiasi gani? Fundo?"

"Kibuyu."

"Kibuyu kidogo?"

"Kibuyu, dresa."

Daktari alikuwa amegeuka, mikono inachuruzika maji. Akida akamweleza. Daktari alisema maneno ya kwao, mafupi, ambayo Akida hakuyatafsiri wala hakuna aliyemwomba. Kisha Akida akamrukia Bujiku.

"Mpumbavu wewe! Ningekuua kwa mkono wangu! Nani aliyekupa? Mtaje, nimtoe nje ya lango sasa hivi. Nani?"

Bujiku akafumba macho.

"Mkwe wangu," alisema. "Mama yake Mageni. Yupo pale dirishani."

Hapo Akida aliiweka chupa chini. Mama yake alikuwa mtu wa bara, na alijua maana yake. Aliposema tena, alisema kwa sauti ambayo wodi nzima isingeamini kuwa anayo.

"Alikuletea mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Basi ungefanya nini," Akida alisema, akaenda kumweleza Daktari kando.

Daktari hakuelewa mkwe ana nini, na hakutaka kuelewa. Alikuja akabonyeza kinena kwa vidole viwili. Pale pale, chini ya vidole, uvimbe ulianza kujitokeza tena. Akatikisa kichwa.

"Kungoja kesho hapana," alisema. "Toa maziwa. Yote. Halafu nakata jioni."

Wakaleta mpira mrefu. Wakamkalisha, wakaupitisha kooni, na kwa koo lile lililokauka ulikwaruza njia nzima. Yakatoka maziwa. Wakamimina maji, yakatoka na maji. Wakamimina tena. Bujiku alitapika kwa sauti ya ng'ombe anayechinjwa. Hakuweza kuizuia, na alijua mlango uko wazi kwa ajili ya hewa, na nje ya mlango kuna baraza, na mwisho wa baraza kuna dirisha. Aliomba ardhi ifunguke, ardhi ya Shinyanga ikakaa kimya. Hawakuacha mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia.

*

Walimrudisha kitandani angoje. Mageni alikaa chini pembeni yake, kichwa kwenye magoti.

"Mama yuko wapi?"

"Amekaa juani. Nimemwonyesha kivuli, hataki. Anasema umeyatapika maziwa yake mbele ya Mzungu."

"Umemwambia ni kwa nini?"

"Nimemwambia. Dresa angemwambia. Nimemwambia unapasuliwa na kwa nini hupaswi kunywa."

"Umemwambia yote?"

"Yote."

"Na mahali?"

Mageni akarudisha kichwa kwenye magoti. "Na mahali."

Bujiku akajifunika blanketi mpaka kichwani, na joto lile.

"Amesema nini?" aliuliza kutoka ndani.

"Hakusema. Amekaa juani."

Mzee Stanslaus, mguu wake ukiwa umefungwa upya, alikohoa. "Mimi mkwe wangu alinikuta naoga mtoni," alisema. "Mwaka wa njaa. Sikufa."

"Uliongea naye tena?" Mageni aliuliza.

"Hapana. Lakini sikufa."

Jua lilipopungua ukali, Akida alikuja na sindano nyingine. Safari hii hakuuliza kitu. Mdomo ukakauka upya juu ya ule ukavu wa kwanza. Wakambeba, ile harufu ikashuka usoni, na Bujiku akavuta, akavuta, akawa anashuka kwenye shimo lisilo na ndoo wala kamba. Huko chini alisikia chuma kinagonga chuma, mbali. Kisha basi.

Aliamka kabla jua halijazama. Kitu cha kwanza alichokijua ni kwamba pumzi yake mwenyewe inanuka etha. Cha pili, moto kwenye kinena. Alisikia Akida anasema na Mageni.

"Imekwisha, imekwenda vizuri. Nyuzi ni mpya, hazipendi mchezo. Sasa nitazame. Akianza kujikaza tumbo, usikimbie, usipige yowe. Weka viganja viwili hapa juu ya bandeji, hivi, ubonyeze, usiachie. Wewe ndiye ukuta wake. Niite, nije na sindano. Umeona?"

"Nimeona."

"Pale pale, si juu ya tumbo."

"Nimeona, dresa."

Akida akaitwa, pale langoni kulikuwa na mwanamke ameletwa na mkokoteni wa ng'ombe, uchungu umemshika tangu jana. Akaondoka mbio. Bujiku akalala, akaamka, akalala. Mara hii alipofumbua macho Mageni hakuwapo. Alikuwa amekwenda kisimani na kitambaa, amloweshee midomo, maana Daktari alikataza kumnywesha.

Na hapo ndipo kikaja.

Kilianzia mbali, chini ya mbavu, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Bujiku akatulia. Kikagonga tena. Jasho likamtoka usoni, baridi. Akajua. Dawa ilikuwa imekizuia kiasi chake, sasa kilikuwa kinasukuma. Tumbo likaanza kukaza taratibu, na pale chini nyuzi zikajibu, mvuto wa moto kutoka upande hadi upande.

"Mageni," aliita. "Mageni!"

"Amekwenda majini," Stanslaus alisema. Akamtazama, naye akaelewa. Akaanza kupiga kelele. "Dresa! Dresa! Mtu anatapika huku! We dresa!" Alijaribu kushuka, mguu ukamrudisha kitandani. "Hakuna mtu jamani? Mtu anakufa huku!"

Wa tatu wodini alikuwa na homa, hajui hata yuko wapi. Baraza lilikuwa tupu. Tumbo likakaza mara ya pili, Bujiku akainua kichwa bila kutaka, akaona bandeji inapanda. Aliweka mikono yake mwenyewe, haikuwa na nguvu zaidi ya mikono ya mtoto.

Kivuli kikaingia mlangoni.

Mama mkwe aliingia amegeuza uso pembeni, kama mtu anayepita kwenye moshi. Alikuja hivyo hivyo, ubavu mbele, mpaka kitandani. Alikuwa amesikia dresa alivyosema. Dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa. Akanyoosha mikono bila kutazama, ikatua tumboni.

"Hapa?" aliuuliza ukuta.

Aliyejibu ni Stanslaus.

"Chini, mama. Dresa alisema si juu ya tumbo. Chini kidogo."

Mikono ikashuka.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Bonyeza."

Akabonyeza. Ilikuwa mikono ya jembe na mtwangio, migumu, mipana. Bujiku alitamani afe, na papo hapo tumbo likakaza mara ya tatu, kali kuliko zote, na hakufa wala nyuzi hazikuachia, kwa sababu pale zilipotaka kwenda palikuwa na ukuta.

"Bujiku," mama mkwe alisema.

Miaka yote aliyokuwa na binti yake, jina hilo lilikuwa halijapita mdomoni mwake.

"Bujiku, meza mate."

"Sina mate, mama. Sindano imeyakausha."

"Basi meza hewa."

Akameza hewa. Kitu kikapanda mpaka kooni, kikasimama pale, kichungu, kina harufu ya etha. Akakimeza tena. Kikashuka hatua moja. "Meza," alisema mama mkwe kwa ukuta. "Usinitazame. Meza." Akameza. Jasho lilimwingia machoni, na hakulifuta, maana mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda kama anavyoshika kamba ndoo ikiwa nzito.

Akida alifika anahema, sindano mkononi. Alisimama mlangoni alipoona nani yupo na mikono yake iko wapi. Halafu akakaribia polepole.

"Shikamoo, mama. Niachie mimi sasa."

"Marahaba. Una mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Mmoja una sindano. Choma."

Akachoma. Mageni naye aliingia na kitambaa kinachodondoka maji, akamwona mama yake, akasimama akaziba mdomo. Walingoja. Tumbo lilijaribu tena, hafifu, mikono ikalijibu. Likajaribu tena, hafifu zaidi. Pale sindano ilipoingia mkono ulikuwa wa moto. Kutoka hapo kitu kama usingizi kilianza kusambaa, na jasho la Bujiku likaanza kukauka. Daktari alipita, akainua ukingo wa bandeji kwa kidole, akaona pakavu, hapana damu. Akamtazama yule mama aliyegeukia ukuta. Akasema "Nzuri," akaondoka.

"Imeshika," Akida alimwambia mama mkwe. "Dawa imeingia. Hatatapika tena, Mungu akipenda. Unaweza kutoa mikono sasa, mama."

Hakuitoa.

"Mama," Mageni alisema, "niachie mimi nishike."

"Wewe ulikwenda majini."

"Amelala, mama. Ona, amelala."

"Naona kwa mikono," alisema mama mkwe. "Leteni kigoda. Nikiachia halafu akatapika, mtasema ni maziwa yangu."

Akida mwenyewe ndiye aliyekwenda kukitafuta. Akakiweka nyuma yake, naye akakaa bila kugeuka, mikono palepale. Bujiku alivuta pumzi kwa mdomo wazi, mkavu, akiwa amelala fofofo.